Vizibo vya Shangazi Salome

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mtinko mtama umekomaa, na babu yako sasa anatembea bila fimbo. Umeuliza kama niliwahi kuona mashine ya mkono ya kufunga vizibo, kama hiyo uliyonunua.

Niliiona tulipohamia kijiji cha ujamaa. Baba na mdogo wake walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya ng'ombe. Wazee wakaamua wapatane kwa wanzuki, pombe yetu ya asali, ambayo wagombanao huinywa kwa kibuyu kimoja. Shangazi Salome, aliyeipika, akataka usasa. Akaitia kwenye chupa, akakandamiza mkono wa mashine hadi vizibo vikabana, akampa kila ndugu chupa yake.

Mzee msuluhishi akaguna. "Kila mtu na chake, Salome? Sasa hapa wamepatana nini?"

"Nimezifunga vizuri, baba."

"Ndiyo shida yenyewe."

Shangazi akazifungua ili aimimine pombe kibuyuni. Povu likaruka, likamlowesha baba mdogo kifua kizima.

"Hata pombe imekukasirikia!" baba akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mdogo wake tangu ugomvi. Baba mdogo akacheka, na pombe ilipomiminwa akanywa, akampa baba kibuyu.

Funga chupa zako za kuuza, mama. Kibuyu nitakuletea mwenyewe.

Bibi yako