Nusu ya Ngoro

Kijiji cha Mkumbi,
S.L.P. Mbinga.
4 Agosti 1996

Mpendwa mke wangu mdogo Restituta,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini Musoma ni mbali na mimi sina umri wa kusubiri shikamoo ije kwa basi. Hujambo? Wagonjwa wako wa hospitalini wanaendeleaje? Na wewe mwenyewe unakula, au umeacha kazi hiyo kwa yule Mkurya aliyekuiba kwangu?

Sisi tupo. Magoti yangu yanaijua baridi kabla mimi sijaijua, na meno yaliyobaki ni ya kuonyesha wageni tu. Shangazi yako Beata kajifungua salama kule Lituhi, mtoto wa kiume. Ana masikio yangu, maskini.

Kahawa tumechuma. Siku hizi wanunuzi ni vijana wenye magari, wanakuja mpaka mlangoni na kuisifia mibuni yako kama wanaoposa. Wakishapakia, ukikutana nao mjini hawakujui.

Basi niache kuzunguka. Nakuandikia habari ya kiwanja cha marehemu bibi yako. Kimekwenda. Nimeliandika neno hilo mapema usije ukasoma karatasi nzima ukiwa na matumaini. Sasa kaa nikueleze kilivyokwenda, maana wengine watakueleza kwa kucheka.

Unakumbuka bibi yako Vitalia alipewa kile kiwanja kwenye viwanja vipya vya Mbinga mjini, nyuma ya soko, akasema ni chako siku utakayochoka kutembea. Mwaka jana alipofariki mvua ilikata barabara, hukuwahi kumzika. Nikajisemea moyoni, basi angalau kiwanja chake nitakishika mpaka mwenyewe aje.

Mwezi wa kwanza tuliitwa mkutanoni. Kuna kijana wa ofisi ya ardhi anaitwa Bwana Praygod, mtu wa Kaskazini, mpole, viatu vyake vinang'aa hata kwenye tope letu. Akasema maji ya mji hayatoshi, ikifika Oktoba bomba linapiga miluzi tu. Kwa hiyo kila mwenye kiwanja kipya, kabla hajainua ukuta, aiandae ardhi ya mbele ishike maji ya mvua, apande mimea inayoishi bila kumwagiliwa. Kumwaga saruji kila mahali, hapana. Bustani ya kunyweshwa kwa mpira wa bomba, hapana. Asiyefanya mpaka mvua ziishe, kiwanja kinarudi kwa mji.

Adinani mwenye duka akanyanyuka. "Na ukoka wangu je? Nimeutoa Songea kwa gari!"

"Ukoka wako unaoga mara mbili kwa siku, mzee," Bwana Praygod akamjibu. "Mimi mwenyewe naoga mara moja."

"Basi njoo uoge kwangu!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kushika maji ardhini? Sisi Wamatengo tufundishwe hilo? Nilirudi Mkumbi kifua mbele. Laiti ningerudi nacho nyuma.

Mwezi wa pili nilikwenda kufyeka. Nikalaza nyasi kwa mistari ya kwenda na ya kukatisha, miraba imenyooka, hata wapita njia walisimama. Umeshakuwa Mkurya, labda umesahau: mwanamume hufyeka na kulaza, kisha mwanamke huja na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, mpaka shamba zima linakuwa mashimo na matuta na maji hayana pa kukimbilia. Ndiyo ngoro hiyo. Nilipomaliza upande wangu nikaketi ukingoni, nikasokota tumbaku, nikangoja.

Haki ya Mungu, Restituta, nilikaa pale nikingoja jembe lisikike nyuma yangu. Miaka yote nikimaliza kufyeka, lilikuwa linasikika.

Wanawake wa Mkumbi nao walikuwa kwenye ngoro zao, msimu ni huohuo, na Beata alikuwa na mimba kubwa. Nyasi zikakauka palepale. Siku moja Bwana Praygod akapita.

"Shikamoo mzee. Hizi nyasi umeanika?"

"Marahaba. Hiyo ni ngoro."

"Mbona sioni mashimo?"

"Unaona nusu ya mwanamume. Nusu ya mwanamke iko makaburini."

Akavua kofia. Kisha akasema, "Pole, mzee. Chimba basi mwenyewe. Amri haikuuliza nani atashika jembe." Nikamwambia yeye ni mtoto wa watu, mila zetu hazijui. Nikaenda zangu nimenuna, na siku zikazidi kwenda.

Mwishowe nilibeba jembe la bibi yako. Adinani, ambaye duka lake liko ng'ambo ya njia, akatoka nje makusudi. "Mzee Isidori, leo umeolewa?"

"Nimeolewa, ndugu yangu, na huyo aliyenioa kapata hasara. Sijui kuchimba!"

Nilisema kwa utani, kumbe nasema kweli. Maisha yangu yote nilikaa ukingoni na kibuyu changu nikimwelekeza Vitalia, chimba hapa, tupa kule, naye hanijibu. Nilidhani ananyamaza kwa sababu ananisikiliza. Sikujua shimo liende chini kiasi gani, wala tuta linakanyagwaje likashika. Tena kiwanja kile ni tambarare kama meza, na ngoro ni kitu cha mlimani. Angekuwepo angeniambia siku ya kwanza, kabla sijanoa hata fyekeo.

Mwezi wa tatu mvua ikapiga usiku kucha. Matuta yangu yakafumuka moja baada ya jingine kama shuka kuukuu, na maji, tope na nyasi zangu zote nzuri vikavuka njia vikaingia kwa Adinani. Asubuhi nilimkuta amesimama juu ya stuli amekumbatia gunia la sukari.

"Isidori! Umeniletea Ziwa Nyasa dukani!"

Nikamwambia ukoka wake umeoga bure leo. Hakucheka. Nami njiani nikaona kweli haichekeshi.

Bwana Praygod alikuja na wenzake wawili, wakayatazama yale madimbwi yamejaa viluwiluwi vya mbu. Hakunifokea. Angefoka ningejua la kumjibu. Mvua zilipoisha, kiwanja kikarudi kwa mji, na sasa kapewa kijana mmoja mnunuzi wa kahawa. Amezungusha uzio, amepanda mishubiri, amepanga mawe meupe. Anaifuata amri vizuri kabisa, sina neno la kumsema, na hilo ndilo linaloniuma.

Shimo moja lilibaki, kule pembeni. Lilikuwa la mwisho, nililichimba nimechoka hata kujielekeza mwenyewe, nikaiacha mikono iende kama nilivyokuwa naiona yake ikienda. Maji yalikaa mle yakazama taratibu, na maharage niliyopanda yakaota kwenye tuta. Nilimwomba yule kijana aniruhusu kuyavuna. Akaniruhusu, akanishikia na kofia.

Ndiyo hayo anayokuletea Sadiki, mpwa wa Adinani, anayekuja huko na lori. Adinani tunasalimiana, usiogope, ila sukari ananipimia kwa kunikodolea macho. Maharage yenyewe ni kopo moja tu. Usiyapike. Yapande hapo uani kwako, hata kama uani kwenyewe ni pembe ya ukuta.

Nisalimie huyo Mkurya, mwambie bado nakudai kwake. Wabusu watoto. Beata anakusalimu, na Adinani pia, baada ya kusukumwa. Mungu akuweke, na siku utakayochoka kutembea akupe mahali pa kukaa, maana mimi nimeshindwa.

Ndimi mumeo wa kwanza, akupendaye hata bila meno,

Babu Isidori Kapinga

N.B. Hicho kizito ndani ya kifurushi ni jembe la bibi yako. Mpini nimebaki nao mimi.