Ufuo wa Mama

Kilwa Kivinje,
Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi

Mume wangu, Baba Rehema,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umepona kile kikohozi, na kwamba tangawizi niliyokuachia unainywa, huimwagi dirishani kwa kuwa sipo kukuona. Rehema anaamka mwenyewe kwenda shule? Cherehani yangu mmeifunika? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakula, na nyonga haimsumbui kama mwezi uliopita.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo mkononi. Jana ulipopiga ulisema mtandao wa Kivinje mbovu, sauti inakatika. Mtandao ulikuwa mzima, ni mimi niliyekuwa nakatika. Na Mama alikuwa pale pembeni, nisingeweza kukueleza haya huku anasikia.

Nilikuaga kwa wiki tatu, sasa ni mwezi wa pili. Unajua kilichonileta: Mama alianguka akienda chooni, kule mwisho wa ua, wakati wa tope la masika, na kuja kukaa nasi Tabora amekataa katakata. Basi nikasema chumba chake nikitengeneze, na ile stoo iliyopakana nacho iwe bafu na choo, atoke kitandani hatua nne awe amefika. Fundi tuliyemwita alitoboa mlango kati ya chumba na stoo, akachimba shimo la maji machafu nje, akalaza mabomba. Kisha akapata kazi ya nyumba kubwa Kilwa Masoko, akatuaga kwa siku mbili. Hajarudi mpaka leo. Nikashika mwiko mwenyewe. Usicheke. Anayeweza kukata suti anaweza kukata marumaru, ila marumaru ukikosea huwezi kufumua.

Mjomba Salumu, mdogo wake Mama, ndiye aliyenichanganyia zege na kunigombeza. Alinikataza mchanga wa pwani, akasema una chumvi, ukuta utaota upele. Sakafu ya kwanza ya bafu niliilaza mteremko kinyume. Tulipomwaga ndoo ya kujaribia, maji yote yakaja chumbani, tukaibomoa tukaanza upya. Muda wote huo Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake ukumbini, hana neno. Siku choo cha kukaa kilipofungwa tu ndipo aliposimama na mkongojo wake, akaja kuhakikisha mtu akikikalia haelekei kibla wala hakipi mgongo. Hilo nilikuwa nimelikumbuka, akanisifu. Nikajiona mtoto wa Kilwa kamili, ingawa miaka kumi na minane nimeimalizia Tabora.

Kikabaki chumba. Sakafu yake ilikuwa ileile ya udongo uliopondwa, na mkeka juu. Nikaona aibu bafu ling'are na chumba kibaki na vumbi. Kitanda tukakihamishia ukumbini, tukamwaga zege chumba kizima. Siku ya tatu yake nilikuwa nimepiga magoti napanga marumaru nyeupe kwenye kona, Mama akaja mlangoni.

"Kitanda changu mtakirudisha palepale?"

"Palepale, Mama."

"Na chini yake?"

"Marumaru, Mama. Utapitisha ufagio tu."

Akachungulia ndani. Kisha akauliza, "Basi na ufuo wangu mtauchimba wapi?"

Mume wangu, nilidhani anasema ufuo wa bahari. Nilidhani umri umeanza kumchezea akili. Nikamjibu kwa sauti ile ya kubembeleza watoto, "Ufuo uko kulekule, Mama. Ukipata nguvu nitakupeleka ukapunge upepo." Mjomba akaweka karai chini.

Ndipo Mjomba akanieleza. Huku kwetu mtu akifariki, ndani ya chumba chake, chini ya kitanda atakachooshewa, huchimbwa shimo refu la kupokea maji ya kumwosha. Shimo hilo ndilo ufuo. Maji yale hayaachwi yakatiririka ovyo na kukanyagwa, hufukiwa hapohapo. Mimi neno hilo sikulijua kwa sababu sijawahi kuwepo. Bibi alifariki nikiwa mdogo, tukapelekwa kwa majirani. Na Baba, unakumbuka, nilifika jioni watu wamesharudi makaburini.

"Baba yako walimwoshea hapa," Mama akasema, akigonga zege langu kwa mkongojo. "Miaka yote hii nalala juu ya maji yake."

Mjomba akajaribu kunitetea. "Dada, siku hizi wengi wanaoshewa bafuni. Na bafu si hili hapa tayari?"

"Na maji ya bafu yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda kwenye shimo la choo," Mama akajijibu mwenyewe, bila hasira.

Hasira nilikuwa nazo mimi. Mgongo unaniuma, vidole vimeliwa na saruji, na mtu ninayemhangaikia anazungumzia maiti. Nikamwambia, Mungu anisamehe, "Mama, nimekuja kukutengenezea pa kuishi, wewe unaniuliza pa kufia."

"Si chumba ni hikihiki?" akasema. Akageuka, akarudi kwenye kiti chake.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nililia kwa sababu Baba, ambaye hata uso wake sikuuaga, nilikuwa nimemfunika kwa zege kwa mikono yangu mwenyewe, na nikajisifu kwamba limenyooka.

Kesho yake nikashika tindo na nyundo. Mjomba alitaka kunipokea, nikakataa. Tulikubaliana tubomoe pale tu kitanda kinapokaa, kwa hiyo nilihitaji kipimo. Nikachukua futi yangu ya ushonaji nikamwendea Mama. Watu wengi nimewapima, wa harusi na wa sikukuu, lakini kwa kazi kama hii, hata mmoja. Mama akasimama wima kadiri alivyoweza.

"Ongeza kidogo miguuni," akaniambia. "Usinibane kama lile gauni la Idi."

Tukacheka wote wawili, nikamwongezea.

Sasa chumba kimekwisha. Marumaru zimezunguka kitanda, na chini yake ni udongo uleule, nimeuponda kwa mchi mpaka umelingana na ukingo. Mgeni akiingia haoni kitu. Tangu juzi Mama anakwenda kuoga peke yake. Anafunga mlango kwa komeo, nasikia maji yanamwagika na yeye anajiimbia nyimbo zake za zamani. Hajafanya hivyo tangu aanguke, na mimi husimama nje ya mlango nikisikiliza kama mwizi.

Jana nilipokuwa nakusanya vifaa, Mjomba alitaka kuondoka na jembe lake dogo. Mama akamzuia, akasema liegemezwe nyuma ya mlango wa chumba chake. Nikamwambia amwachie Mjomba, yeye ndiye anayeijua kazi ya kuchimba ufuo.

"Mjomba wako yupo hapa kila siku," akasema. "Hilo nakuwekea wewe, unayechelewa."

Kwa hiyo, Baba Rehema, kazi imekwisha na kisingizio sina. Nakuomba ruhusa tu. Niache huku mpaka shule zifungwe, kisha uje na Rehema. Nataka alale na bibi yake chumba kimoja, na nataka nimweleze mimi mwenyewe ufuo ni nini, asije akalisikia neno hilo akiwa mtu mzima, amepiga magoti juu ya zege.

Mpe baba mkwe shikamoo yangu, na wifi yangu anayewapikia mwambie sijasahau kanga yake. Rehema mbusu, ila cherehani asiiguse. Mjomba anakusalimu. Mama anasema mkwewe amsamehe kwa kumzuilia mke.

Ni mimi mkeo, ambaye safari hii sitaki kufika jioni,

Mwanahawa