Kabichi ya Mama Mkwe na Kipande cha Makaa

Mama,

Nisamehe kwanza, halafu nikupe habari, maana nikianza na habari sitatulia tena. Ni mimi mkweo, mume wa Zaina, yule uliyekuwa ukimwita "bwana wa watu" kutoka nyuma ya pazia. Tulikaa nyumba moja miaka sita pale Ampisikina, Mahajanga, kabla kazi haijanileta huku kisiwani, na sidhani kama tuliwahi kusemezana maneno kumi uso kwa uso. Kwa desturi ya ukoo wenu mume ndiye anayehamia kwa mke, haya, nikahamia. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala hatii mguu jikoni kwake, haya, sikutia. Hata Kiswahili hiki cha Unguja ulikokulia nilikiokota kwa kukusikia ukiwakaripia kuku uani. Leo nimepata nafasi ya kusema nawe, na nitasema mpaka nimalize.

Zaina alikuwa hali chakula. Tangu tulipokuzika Mahajanga mwezi wa Rajabu, tukasoma hitima, tukarudi huku kisiwani Nosy Be kwenye kazi yangu, hakuna kilichompita kooni. Asubuhi maji yaliyochemshiwa ukoko wa wali, jioni maji yale yale. Akawa hatoki hata mlangoni. Majirani walileta samaki wa nazi, wakaleta kamba, wakaleta achari ya embe ya kumtoa mate hata maiti. Unisamehe, Mama, kalamu imeteleza. Niliogopa. Nakwambia kweli, niliogopa kwamba mwaka hautakwisha kabla sijamzika na yeye.

Halafu Jumatatu, amelala ameupa ukuta uso, akasema, "Ningepata ile kabichi ya mama."

Nilisimama hapo hapo. Kabichi yako ya Ijumaa nani asiyeijua, ile laini, tamu, yenye ndimu na chumvi tu, inayokaa pembeni ya samaki mpaka samaki mwenyewe anasahauliwa. Nikamuuliza inapikwaje. Hajui. Ulikuwa ukimfukuza jikoni, "Nenda kashone, moshi utakuharibia macho," naye akaenda, akashona miaka yote, na mapishi ukaondoka nayo. Hapo nilikukasirikia kidogo.

Lakini nilikuwa na ushahidi wangu. Ijumaa moja, nikila peke yangu barazani kwako, nilikuta kipande cha makaa katikati ya majani ya kabichi. Kidogo tu, sawa na punje ya pilipili manga. Nikadhani kimekuangukia kwa bahati mbaya. Nikikirudisha na sahani utaaibika, nikawaza, basi nikakitia mfukoni nikaenda kukitupa mtaa wa pili. Sikumwambia hata Zaina. Nilijiona muungwana sana siku ile. Kumbe nilikuwa nimeshika mapishi yako mkononi nikayatupa! Kabichi ile haikuona sufuria hata siku moja. Ulikuwa ukiichoma makaani nzima nzima, na sisi tumekaa tunasifu supu tuliyodhani umeichemshia.

Hapa kisiwani kabichi ni mgeni, hushuka na malori kutoka nyanda za juu. Nikavuka bahari mpaka bandari ya Antsahampano, ng'ambo, nikalisubiri lori, nikarudi na kabichi mbili nimezipakata safari nzima ya boti.

Ya kwanza niliiua. Niliitupa kwenye moto unaowaka; nje ikawa nyeusi, ndani mbichi inalia menoni. Zaina akaitazama, akaugeukia ukuta wake.

Ya pili nikaenda nayo kazini. Kazi yangu unaijua: nachochea moto chini ya mitungi ya shaba, tunachemsha maua ya langilangi, mafuta yake yanakwenda Ulaya kwa watengeneza manukato. Kila siku naambiwa moto ukiwa mkali maua yanaungua, na nyumbani nikalisahau hilo, mjinga mimi. Safari hii nikavuta makaa pembeni, nikayaacha mpaka yakavaa jivu, nikaifukia kabichi humo na majani yake ya nje bado yameifunika. Ikakaa tangu chai ya saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Harufu ikatoka. Msimamizi akaja mbio, mikono kichwani: "Unataka wanawake wa Paris wanuke kabichi?" Alikuwa tayari kunifukuza. Nikamweleza habari ya Zaina. Akachukua koleo, akaniongezea jivu juu.

Niliifunga kwa jani la mgomba nikakimbia nayo, watu njiani wananiuliza kuna nini, simjibu mtu. Mbele ya Zaina nikayabandua majani meusi moja moja. Ndani, Mama, ilikuwa ya manjano kama siagi, mvuke unapanda, inameguka kwa vidole. Chumvi, ndimu, basi.

Akatia kipande kidogo mdomoni, akafumba macho. Machozi yakamtoka, nami yakanitoka, lakini akawa anatafuna. Akachukua kingine. Akala nusu nzima, kisha akaomba wali. Wali, Mama! Niliumwaga mwingine chini kwa haraka ya kumpakulia.

Halafu akaacha kutafuna, akanitazama kwa jicho lile lile lako, akasema, "Ndimu umezidisha. Na kabichi yenyewe umechagua iliyosinyaa, huna macho wewe. Kesho nakwenda Antsahampano mwenyewe."

Nimegombezwa mara nyingi nyumbani kwako, Mama, lakini sijawahi kufurahi namna hii. Sasa hivi anapekua uvunguni anatafuta viatu, anauliza boti ya kwanza inaondoka saa ngapi.

Basi pumzika, Mama, Mungu akuangazie kaburi lako. Mwanao yuko mikononi mwangu, na kila Ijumaa nitachoma kabichi, aisifu au aitukane. Hiyo ni ahadi yangu kwako. Naacha hapa, maana ananiita. Anasema ana njaa tena.

Mkweo