Kwa Kaka Verlin Caudill, Aliyefundisha kwa Sikio

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, saa moja na robo asubuhi, theluji nyepesi ikigeuka mvua juu ya vilima vya wilaya yetu ya Letcher, ulituacha, kaka Verlin. Mwaka umetimia, nasi tunakukumbuka kwa vichwa vilivyoinama.

Ulianzia kwa kinyozi Ersel, ukiwasikiliza wanaume waliopiga banjo na fidla huku wakingoja kunyolewa. Ukafika redioni, kisha kwenye majukwaa ya bluegrass, muziki wa nyuzi wa milimani kwetu, katika majimbo ya mbali. Barabara ilipokuchosha ulirudi, ukawafundisha watoto wa bonde letu mkiketi goti kwa goti, bila noti hata moja ya muziki iliyoandikwa. Mtoto akitoa daftari, ulimwambia, "Lirudishe, bwana mdogo. Kwani masikio umeyaacha nyumbani?"

Ulipenda maharage kwa mkate wa mahindi, na kahawa iliyopoa. Katika duara la wapigaji hukumruka mtu. Aliyechapia jana alipewa zamu leo, kwa ishara ya kidevu chako.

Ulipougua, ulimwahidi mwanafunzi wako Tressie Amburgey banjo yako, duara zima likisikia. Alipokuja kuichukua baada ya mazishi, mimi mdogo wako, niliyefunzwa katika shule ya bweni kwamba neno lisiloandikwa halina mwenyewe, nilimsimamisha mlangoni.

"Hati iko wapi, binti?"

"Hati ya Verlin? Mzee Thurman, yule hata vitu vya dukani alikuwa anavikariri kwa kuimba."

Tuliifungia banjo katika kabati la vioo sebuleni, tukaiita urithi wa familia. Wageni waliisifu. Ngozi iliyowambwa juu yake ikalegea kwa unyevu, nyuzi zikashika kutu, naye Tressie akawafundisha wanafunzi uliowaacha kwa banjo ya kuazima.

Mkeo Oma aliniuliza mezani, "Shemeji, mtu afundishe kwa mdomo maisha yake yote, halafu aahidi kwa kalamu?"

Tangu hapo tukawa tunapita mbele ya duka la kinyozi Ersel, wanapokaa wapigaji walioisikia ahadi yako, tukitazama chini.

Unakumbukwa na mkeo Oma, binti yako Lurleen, dada yako Icy, wajukuu, nami Thurman. Kukusahau hatuwezi.

Jana mchana nilimkabidhi Tressie banjo yako, kwa mikono yangu, mbele ya wanafunzi wote. Nilimwomba radhi. Ulichoahidi kimelipwa.