Kifupa Kama Chekeche

Mwaya, Kyela

Mdogo wangu Subilaga,

Ugonile? Huku mvua haikatiki, ila mpunga umesimama vizuri na ng'ombe wako amezaa dume. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Kidonda cha ile ajali ya bodaboda kimefunga. Daktari alinionyesha kwenye picha kifupa kilicho kati ya macho na pua, chembamba, chenye vitundu kama chekeche. Nyuzi za kunusia hupita humo. Changu kimevunjika na nyuzi zimekatika. Nilipomuuliza zitaunga lini, akaniuliza habari za mashamba.

Mwezi uliopita nilivundika kakao chini ya majani ya mgomba. Unajua mimi huwa siifunui mpaka pua iniambie imeiva. Basi nikawa nangoja tu, hadi Mama Ambwene wa jirani alipokuja ameziba pua kwa khanga. "Dada, hii si imeoza?" Nikaimwaga yote.

Sasa, kile kitenge cha Mama. Uliponiomba baada ya mazishi nilikunyima, ukaniona mchoyo. Sijakifua tangu alipokivaa mara ya mwisho. Kila Jumapili kabla ya ibada nilijifunika nacho uso, nikamkuta: moshi, mawese, na jasho lake.

Nimempa Hezroni akuletee pamoja na barua hii. Kwangu kimebaki kitambaa.

Usikifue. Jifunike uso, halafu uniandikie kama bado yumo.

Dada yako,
Tumpale