Kompyuta ya Kemi na Takataka Zenye Kioo

Hagsätra, Stockholm

Dada Koku mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu kwamba limepona, maana Kemi ameshaniambia unapanda ngazi za kanisani kwa kushikilia ukuta. Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa sababu ya yale mashuka ya hospitali tunayofua, na baridi ya huku haina adabu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na pale uliponiita bahili. Unasema binti yangu Kemi anangoja kompyuta ya gemu tangu Pasaka, na kwamba haiwezekani mtu akae Ulaya akose kuchagua kitu kimoja dukani. Basi nimeamua kukuandikia, maana kwa simu utanikatiza.

Dada, hizi kompyuta zinazouzwa zikiwa zimeshaundwa ni utapeli mtupu. Ya kampuni ya kwanza ina kioo ubavuni na taa za rangi zote. Kemi aliiona kwenye picha akaiita Ukumbi wa Harusi. Nilipochungulia ndani nikakuta nusu yake ni hewa. Kadi ya picha, ambayo ndiyo inayobeba gemu lenyewe, wameweka ya hali ya chini kabisa, wakaificha nyuma ya feni zinazowakawaka. Ya kampuni ya pili ni kidude cha bati, tukaiita Kopo. Hiyo ina kadi nzuri, lakini imebanwa humo hadi haipumui, na ikitumika kidogo tu inavuma kama mashine yetu ya kukaushia mashuka. Muuzaji akaniambia eti mlio huo unaonyesha nguvu. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Unajua huku mtu akisafiri kwenda nyumbani, sanduku lake linakuwa la watu wote. Mama Nakato wa Fisksätra, Mganda tunayesali naye, anakwenda Masaka, na amekubali kubeba kompyuta hadi mpakani Mutukula uje uipokee, mradi iingie kwenye sanduku lake jekundu. Jirani yangu Nestori, Mrundi, akasema kupima kwa macho ni upuuzi, twende dukani na sanduku lenyewe. Tukaenda. Watu wazima wawili tukalifungua sakafuni katikati ya duka, Nestori akainyanyua ile Ukumbi kutoka kwenye meza ya maonyesho ailaze ndani. Kengele ya wizi ikalia, mlinzi akaja mbio. Mimi natafuta Kiswidi cha kujieleza, Nestori hana habari, amefungua ubavu wa mashine na kuingiza kichwa.

"Ndugu, humu muna nafasi sana," akasema. "Utatia sabuni, utatia viatu vya watoto, ata blanketi ya dada yako. Wazungu wanauzisha upepo?"

"Nestori, iweke chini."

"Naiweka. Lakini muulize huyu bwana, hii ni mashine ya kucheza ao ni ya kuanika nguo?"

Mlinzi akauliza kama tunanunua. Nikamwambia hata wakitupa bure hatuitaki. Akatusindikiza mpaka mlangoni.

Nikampigia Kemi nikiwa bado kituoni nasubiri treni, nikamsimulia tulivyotolewa. Dada, alicheka hadi akashindwa kusema. Umemlea wewe tangu mama yake afariki, kicheko hicho umekizoea. Mimi nilikuwa sijawahi kukisikia. Unakumbuka simu zetu zilivyokuwa. Shikamoo Baba, marahaba, masomo vipi, mazuri, halafu anakupa wewe simu. Siku hizi ananipigia mwenyewe.

"Baba, hiyo Kopo umeuliza kama pawa saplai yake, ile ya kuingizia umeme, inabadilishika?"

"Sijauliza."

"Sasa ulienda kufanya nini huko, kupunga upepo?"

Ananigombeza kama wewe, na mimi nakaa jikoni nikifurahi kama mjinga. Tunawasengenya watengenezaji hao mpaka chakula changu kinapoa. Ndiyo sababu sijanunua. Si ubahili. Kila Jumamosi nimekuwa nikitafuta duka jingine na kasoro nyingine, kwa kuogopa kwamba siku nitakayonunua tutarudi kwenye shikamoo na marahaba.

Lakini umesema kozi yake ya kuchora majengo, ambayo nayo inahitaji kompyuta hiyohiyo, inakaribia kuanza, na kwamba ameanza kuona haya kuniulizia. Hilo liliniuma. Jana nimenunua.

Nimechukua ya kampuni ya tatu, lidude jeusi ambalo tumeliita Kabati. Usidhani nimelipenda. Lina sura mbaya, na waya wamezifunga kama mzigo wa kuni. Lakini zile mbili zimejaa vifaa vinavyokubaliana na kampuni yake tu. Kikifa kimoja, unatupa vyote. Kabati unalifungua kwa skurubu mbili, na chochote kilichomo unaweza kukitoa ukaweka cha kampuni nyingine. Limeingia kwenye sanduku jekundu, na Nestori hakuvumilia kuona pengo ndani ya Kabati. Amelijaza soksi zako za sufu, sabuni, na dawa ya goti. Kemi asije akaliwasha kabla hajavitoa vyote.

Nisalimie shemeji Rwega, mumeo, na umwombe asilifute vumbi kwa kitambaa chenye maji. Msalimie mjomba Kaijage wa kwaya. Mama mkubwa Theopista aliyeuliza kama huku kuna ndizi, mwambie zipo, ila asingewapa hata mbuzi wake.

Na Kemi mwambie hivi: memori ya hilo Kabati ni ndogo, haitamfikisha mbali. Nilijua hivyo kabla sijalipa. Itabidi tutafute nyingine, na zipo za kampuni nyingi mno, zote mbovu. Anipigie tuanze.

Ni mimi mdogo wako,
Muta