Shamba la Shangazi nililolipaka njano

Jumanne, Kasongo. Mvua imeanza alfajiri, ikakatika, ikaanza tena.

Nimeharibu. Wacha niandike hivyo hivyo.

Kazi yetu sisi wachora ramani ya mji ni kulinganisha picha za satelaiti, za zamani na za sasa, tuone mji unapanuka kuelekea wapi, na miti gani na mabonde gani yaachwe, ili maji ya mvua yapate pa kuzama yasije kuchimba makorongo katikati ya nyumba. Kwenye ramani, kijani ni cha kulindwa. Njano ni ardhi isiyo na mtu, inaweza kujengwa. Na kabla ya kupaka rangi yoyote, unakwenda kwa miguu kuangalia. Upande wa Lusangi nilitembea mpaka viatu vikafumuka. Hapa nyumbani sikwenda. Mimi mtoto wa Kasongo, nikatembezwe kwetu kama mgeni?

Kiburi tu.

Picha ilionyesha kipande cha magugu juu ya kijito, hakuna matuta. Nikakipaka njano. Leo Shangazi Zaina, aliyenilea, ameniita nikaone: vijiti vya wapimaji vimesimama katikati ya shamba lake. Lile lile lililonisomesha kwa muhogo. Alikuwa amelipumzisha, huu mwaka wa pili, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Na mimi najua! Nimelima humo!

"Udongo iko inapumzika," amesema. "Nani aliwaambia imekufa? Huyo mutu hajakula muhogo ya hapa hata siku moja."

Nikatazama chini. Hajui kwamba huyo mtu ni mimi, na bado naona aibu mpaka masikioni.

Nililizunguka shamba na simu, nikachukua vipimo vya mipaka yote, kisha nikampigia msimamizi wetu. Ramani imeshabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mji. Mkutano ni kesho. Itarekebishwa tu kama aliyeichora atasimama mbele ya watu aseme kosa ni lake. Nikinyamaza, keshokutwa wanagawa viwanja. Nikisema, sijui kama wataniachia kazi.

Shangazi naye anataka kwenda. "Twende wote, mutoto yangu. Weye ndiye umesoma, utanisomea hiyo karte yao ya ukutani."

Nikaitikia ndiyo.

Chini kabisa ya ramani niliandika jina langu kwa herufi kubwa, jinsi nilivyokuwa najivuna. Jina lenyewe yeye ndiye alinipa.

Kesho nitasimama niseme mbele ya wote. Hilo, Mungu akipenda, nitaliweza. Ila Shangazi hupenda kufika mapema. Tutakuwa wawili tu mbele ya ule ukuta, ataweka kidole chake pale chini, aniulize, "Na hapa wameandika nini?"